Mwani Kwenye Tangi la Baba

Jumatatu, 5 Januari

Mvua zimekatika. Jua la leo limewaka tangu asubuhi kama lililofunguliwa kifungoni. Nimerudi kazini nikakuta kioo cha tangi la samaki kimeota utando wa kijani kwenye pembe, mwembamba kama poda iliyomwagika. Nimeufuta kwa mswaki. Mtu anayetengeneza meno ya bandia hakosi mswaki mkuukuu mkobani.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, akacheka. "Siku hizi unawapigisha samaki mswaki?"

"Wanene hivi, Mama, na midomo inanuka."

Tumecheka wote.

Alhamisi, 8 Januari

Umerudi. Pembe zote nne.

Jumapili, 11 Januari

Leo nimelisafisha tangi sawasawa. Nimetoa theluthi ya maji kwa mpira, nikaosha sifongo la chujio, nikakoroga changarawe ili uchafu upande juu, kisha nikajaza maji ya bomba niliyoyaacha kwenye ndoo tangu jana ili dawa ya klorini itoke. Kazi ya asubuhi nzima. Mgongo unanicheka.

Tangi hili halihamishiki. Baba alikuwa fundi vioo, akalijenga ndani ya ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha kulia. Ukikaa kwenye sofa unawaona samaki, ukikaa mezani unawaona vilevile, na ukichungulia sana unamwona mtu wa upande wa pili akitafuna. Kaka yangu na mimi tulikua tukitoleana ndimi kupitia maji yale.

Baba alipofariki nilikuwa nimepata kazi mji mwingine, kwenye maabara kubwa ya meno. Mizigo ilikuwa imefungwa. Siku chache baada ya mazishi Kaka akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, mimi nina mke na watoto. Wewe kaa na Mama. Nyumba hii ihesabu ni yako." Nyumba Baba aliiacha mikononi mwa Mama, na hakuna aliyebisha. Lakini neno la Kaka nililishika. Nikafungua mizigo.

Sijutii. Mama namhudumia, kazi ninayo, na Mwenyekiti bado yu hai. Huyo ni samaki wa dhahabu mzee, wa mwisho katika wale aliowatia Baba kwa mkono wake. Tunamwita Mwenyekiti kwa sababu hukaa katikati ya tangi bila kufanya lolote, na wenzake humpisha.

Jumamosi, 17 Januari

Kioo kimekuwa kama zulia. Nimekwenda kwa Mapezi, muuza samaki wa karibu na stendi. Jina lake la kweli sijui kama hata mkewe analikumbuka.

"Dada wa meno," akasema, "mwani hauna uchawi. Unataka mwanga na chakula, basi. Jua linawapiga?"

"Pazia nafunga kila asubuhi kabla ya kutoka."

"Taa?"

"Nawasha jioni tu."

"Unawalisha vipi?"

"Kidogo. Wanamaliza mbele ya macho yangu."

Akakuna kidevu. "Basi chukua majani haya ya majini, yatashindana na mwani kwa chakula. Na hawa konokono. Hawa hawajui kushiba."

Jumanne, 20 Januari

Konokono wameshiba. Mwani haujapungua.

Jumapili, 25 Januari

Kaka amekuja, na siku hizi anakuja mara nyingi kuliko miaka yote. Leo amepaka geti rangi kwa mikono yake. Bomba la jikoni, lililokuwa likidondoka mpaka tukalizoea kama saa ya ukutani, amelifunga. Ameng'oa magugu, ameziba ufa wa barazani.

"Umepatwa na nini?" nikamuuliza.

"Nyumba lazima ipendeze, mdogo wangu. Mama anastahili."

Nimemtengenezea chai nikamtazama akinywa, jasho limemchora mgongoni, nikaona aibu. Nimemsema sana huyu mtu moyoni. Nilisema amenitupia mzigo akaenda zake. Kumbe watu hubadilika. Alipoondoka nilimwambia Mama, "Kaka amekuwa mtu mzima sasa." Mama akajibu "Mmh," akageuza uso kwenye redio.

Jumamosi, 31 Januari

Sasa si kioo tu. Maji yenyewe yamegeuka kijani. Mwenyekiti anaonekana kama mtu anayepita kwenye ukungu. Nimebadilisha nusu ya maji na kuzima taa kabisa, hata jioni. Nimebana pazia kwa pini ili lisifunguke hata kwa upepo.

"Mama, nakuomba, pazia hili lisiguswe kwa wiki mbili."

"Nani aliguse? Mimi na magoti haya?"

Halafu akasema, "Mimi nadhani huyo Mapezi wako amekuuzia majani yenye ugonjwa. Kabla ya yale majani maji yalikuwa mazuri."

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Jumanne, 3 Februari

Pini niliibana upande wa kushoto. Leo nimeikuta kulia. Mama anasema alisikia joto, akafungua kidogo apate hewa. Sawa. Ni kweli joto limezidi. Lakini na kopo la chakula cha samaki limekuwa jepesi.

"Wajukuu walipita," Mama akasema. "Unawajua watoto."

Kwenye kioo, chini kabisa, kuna alama za vidole vidogo.

Jumamosi, 7 Februari

Nimegombana na Mapezi.

Asubuhi nimeng'oa majani yote nikayatia kwenye mfuko wa plastiki, nikampelekea. Duka lilikuwa limejaa. Nikaumwaga mfuko juu ya meza yake.

"Umeniuzia ugonjwa."

"Dada wa meno, taratibu. Majani haya mazima."

"Mazima? Njoo uone maji yangu! Yamekuwa kama supu!"

Akayanusa, akayageuza. "Kuna mtu anawapa samaki wako jua. Na anawashibisha. Uliza nyumbani kwako."

Hapo ndipo nilipowaka. "Nyumbani kwangu niko mimi na mama yangu, mtu mzima, mgonjwa wa magoti. Unataka kusema mama yangu ni mwongo?"

"Mimi sijamtaja mtu."

"Tapeli wewe!" Nililisema kwa sauti ya kusikika hadi nje. Mama mmoja aliyekuwa ameshika samaki wawili kwenye mfuko akawarudisha juu ya meza taratibu, akatoka. Mwingine akamfuata.

Mapezi aliyakusanya yale majani moja moja akayarudisha majini.

Nilipomsimulia Mama alinishika bega. "Umefanya vyema. Watu wa biashara ndivyo walivyo."

Alhamisi, 12 Februari

Mwenyekiti amekufa.

Asubuhi alikuwa juu ya maji akihema, mdomo nje. Nikabadilisha maji haraka, nikaongeza pampu ya hewa, nikachelewa kazini. Jioni nimemkuta ubavu juu. Chini, kwenye changarawe, kuna chakula kimerundikana na kuoza, kingi kuliko ninachotoa kwa wiki.

Nimemzika chini ya dirisha la jikoni. Mama alitoka, akitembea kwa fimbo yake, akasimama nami. Akaanza kulia. Nilishangaa, maana siku zote alikuwa akisema samaki hawana maana kwa sababu hawajui kuitika. Alilia mpaka nikawa mimi ndiye wa kumbembeleza.

"Pole, mwanangu," alikuwa akirudia. "Pole sana. Nisamehe."

"Sasa wewe umekosa nini, Mama?"

Akaigeuza fimbo yake, akarudi ndani.

Jumatano, 18 Februari

Niyaandike kama yalivyokuwa, nisije nikayapunguza baadaye.

Umeme ulikatika maabara kabla ya adhuhuri. Bila umeme mashine ya kung'arishia meno haizunguki, na daktari akatuambia twende nyumbani. Nilifurahi. Nikapanga nipate mchana mzima na tangi langu.

Getini nikakuta gari la Kaka, na nyuma yake gari jingine, jeupe. Nikajua Mama amezidiwa. Nikakimbia. Mlango ulikuwa wazi.

Sebule ilikuwa inawaka kwa jua. Mapazia yote yamevutwa mpaka mwisho. Taa ya tangi inawaka. Mwanamume aliyechomekea shati alikuwa ameupa mlango mgongo, anaongea kwa mikono miwili.

"Hapa jua linaingia mpaka saa tisa. Sebule hii mchana haihitaji taa kabisa."

Mbele yake mume na mke waliovaa vizuri. Mtoto wao wa kike amesimama juu ya kigoda changu, kopo la chakula mkononi, anamimina na kucheka samaki wakigombania.

"Na hiki kitu?" mwanamke akauliza, akigonga kioo kwa pete yake.

"Hicho kinabomolewa, mama. Kazi ya siku moja. Mkikitoa, mnapata sebule moja kubwa, safi."

"Mbona maji yake ya kijani hivyo?"

"Ah," akasema yule mwanamume, ambaye sasa nilijua ni dalali wa nyumba, "hakuna anayelitunza."

"Mimi ndiye ninayelitunza," nikasema.

Wote wakageuka. Kaka alikuwa ameegemea ukuta wa chumba cha kulia. Nilimwona kupitia yale maji kabla sijamwona yeye mwenyewe, kichwa kimetandwa na ukijani. Mama yuko kwenye kiti chake, amevaa gauni la kutokea, ameshika sinia la glasi za juisi.

Kaka akasema, "Mdogo wangu, mbona mapema?"

Mbona mapema. Sikumtaka aseme samahani, wala sikungoja kitu chochote kutoka kwake. Lakini neno la kwanza kumtoka liwe hilo!

Nilimwendea mtoto nikamchukua kopo kwa upole, nikamshusha. Yeye hana kosa. Mama yake alikuwa amekwisha kuona. "Tuliambiwa hapa anaishi mama peke yake," akamwambia dalali, na sauti yake haikuwa nzuri. Wakaaga. Dalali akawafuata mbio, mkono bado unaelezea kitu.

Tukabaki watatu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Si hivyo unavyofikiri," Kaka akasema. "Keti kwanza."

"Tangu lini?"

Mama ndiye aliyejibu, macho kwenye sinia. "Tangu mwaka mpya."

Tangu mwaka mpya. Tangu utando wa kwanza.

"Dalali alisema nyumba ikiwa na giza watu hawaipendi," Mama akaendelea, haraka haraka sasa. "Akasema tangi likiwashwa taa linavutia macho. Na watoto wa wageni wanapenda kuwalisha samaki, ningewakatazaje? Tulikuwa tunafunga kila kitu kabla hujarudi."

"Na mimi narudi nasugua."

"Nilikuwa nakupa pole."

"Ulikuwa unanipa pole! Mama, umenituma nikamtukane mtu dukani. Umesimama kwenye kaburi la yule samaki unanipa pole!"

Kaka akainua mkono. "Usimpandishie Mama sauti. Tungekuambia."

"Lini?"

"Mambo yakishakamilika. Tunakujua ulivyo. Mama atahamia kwangu, ana wajukuu pale, hakuna ngazi. Wewe una kazi yako, utapata chumba kizuri mahali."

"Uliniambia nyumba hii ni yangu. Nilifungua mizigo kwa neno lako."

Akatazama chini, halafu akasema kitu ambacho nadhani nitakisikia mpaka uzeeni. "Nilisema ihesabu ni yako. Yale yalikuwa maneno ya msiba, mdogo wangu. Nani anashikwa kwa maneno ya msiba?"

Kumbe rangi ya geti haikuwa ya Mama. Bomba halikuwa la Mama. Nilimtengenezea chai mtu aliyekuwa akipamba nyumba ili aiuze nikiwa ndani yake.

Nimeingia chumbani nikafunga mlango.

Alhamisi, 19 Februari

Nimekwenda kazini. Nimechonga meno mawili ya mbele ya mtu nisiyemjua. Yametoka mazuri.

Jumamosi, 21 Februari

Tunapishana kwenye korido kama wapangaji. Pazia sasa liko wazi muda wote na hakuna anayejisumbua kulifunga. Mwani umefika juu ya maji, umekuwa nyuzi, unaning'inia kama nywele. Sijaugusa.

Jumapili, 22 Februari

Mama amegonga mlango wangu. Kwa magoti yale amepanda ngazi zote, akaketi ukingoni mwa kitanda changu mpaka pumzi ikamrudia.

"Nitasema mara moja tu," akasema. "Nilikuogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Wewe na hilo tangi. Kila nikisema nyumba hii imenichosha, unanionyesha mahali baba yako alipopigilia msumari. Mimi niliishi naye, mwanangu. Sihitaji msumari. Unatoka asubuhi unarudi jioni, na mimi kutwa nzima naongea na redio. Ninataka kelele za watoto. Ninataka choo kisicho na ngazi."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia mwaka jana. Ukaninunulia kiti."

Ni kweli. Alisema amechoka, nami nikasikia kwamba amechoka mgongo. Siku ile kiti kilipoletwa alikikalia, akanishukuru, na hakusema tena.

"Mama," nikamwambia, "nyumba ni yako, ungeweza kuiuza hata ningelia damu. Hilo nalikubali. Lakini kuniogopa ni jambo moja, kunifanya mjinga ni jambo jingine. Ulikaa pale unanitazama kila jioni nimepiga magoti na mswaki."

"Nilikuwa natamani uache," akasema. "Kila jioni nilikuwa natamani uchoke, useme mwenyewe, basi, tuondoke."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alimlilia Mwenyekiti. Kuelewa hakujanipunguzia kitu. Pengine kumeongeza.

Nilimshika mkono kumshusha ngazi, maana asingeweza peke yake.

Jumamosi, 28 Februari

Kwa Mapezi. Nilingoja mpaka duka lijae, kusudi. Nikasimama mahali palepale.

"Wiki tatu zilizopita nilimwita huyu tapeli," nikawaambia wateja. "Nilikosea. Alichoniambia ni kweli. Kilichoharibu maji kilikuwa nyumbani kwangu."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema, "Sasa sisi tufanye nini?" wakacheka.

Mapezi hakucheka. Aliendelea kuhesabu konokono wa mteja. Alipomaliza akasema bila kuniangalia, "Wale wateja wawili hawajarudi."

"Najua."

"Hujui. Mmoja alikuwa shemeji yangu." Kisha akaguna. "Samaki waliobaki, walete. Usidhani ni kwa ajili yako. Wao hawajamtukana mtu."

Jumatano, 4 Machi

Nyumba imepata mtu. Si wale wenye mtoto. Sijataka kujua ni nani.

Jumamosi, 14 Machi

Siku ya kuhama.

Nimewavua samaki kwa wavu, mmoja mmoja, nikawatia kwenye ndoo yenye mfuniko. Halafu nikatumbukiza mpira, nikavuta maji kwa mdomo, nikayaachia yatoke bustanini. Maji ya kijani yalichukua asubuhi nzima kuisha. Tangi likabaki na changarawe na utando umegandia kila upande, hata upande wa pili ulikuwa hauonekani tena. Nilipitisha kidole kwenye maungio. Gundi ya Baba bado imeshika. Miaka yote hiyo, mwani wote huo, na tangi halijavuja hata tone.

Sikulisugua. Wenye kubomoa walibomoe lilivyo.

Kaka akaja na lori la kubeba vitu vya Mama. Akaniona na ile ndoo. "Nikusaidie?"

"Umeshanisaidia."

Akasimama kidogo, akaona sina zaidi, akaenda kubeba meza. Mama alikuwa mlangoni, amevaa lile gauni la kutokea. Alitaka kunikumbatia. Nikamwambia ndoo ni nzito, itamwagika.

Ilikuwa nzito kweli. Lakini ningeweza kuiweka chini.

Alhamisi, 19 Machi

Chumba changu kiko juu ya duka la viatu. Dirisha moja, linatazama ukuta. Mapezi ameniuzia tangi dogo, akabeba mwenyewe mpaka juu, akalalamika kila ngazi. Samaki wamezoea kuliko mimi.

Kule maabara kubwa nimeuliza. Wanasema nafasi zipo, ila niombe upya kama mtu yeyote.

Jumamosi, 21 Machi

Mama amepiga simu. Sikupokea. Nilikuwa nimeishika mkononi wakati inaita.

Jumapili, 29 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na mchana nimekwenda kwa Kaka. Sikwenda kwa ajili yake. Yeye mwenyewe, aliponiona getini, alisema ana shughuli, akatoka na gari. Ni bora. Kwake sina neno, na sidhani kama nitalipata karibuni.

Nilimsikia Mama kabla ya kumwona. Alikuwa anacheka. Si kile kicheko cha adabu alichokuwa akinipa mimi nikirudi kazini. Hiki kilikuwa kinatoka tumboni, kinakatika, kinaanza tena. Nilisimama kwenye korido nisijue nifanye nini na miguu yangu. Sikumbuki mara ya mwisho kukisikia. Niliishi na mwanamke huyu nyumba moja nikiamini namtunza.

Wajukuu walikuwa wamemvisha miwani mitatu kwa pamoja. Amenenepa. Alipoinua uso akaniona, kicheko kikakatika, akaivua ile miwani yote haraka kama aliyefumaniwa.

"Umekuja."

"Nimekuja."

Watoto wakatoka nje kuchezea madimbwi. Tukakaa. Mvua ikaanza tena juu ya bati, kubwa, na tulilazimika kupaza sauti kidogo.

"Umenisamehe?" akaniuliza.

Nilifikiria kusema ndiyo. Ni neno jepesi, na yeye ni mama yangu, na magoti yake yalikuwa yamefungwa bandeji mpya ambayo sikuifunga mimi. Lakini katika nyumba ile yetu tulidanganyana kwa upole mpaka tukafika hapa.

"Bado, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu. Hakulia, wala hakunishika mkono. Alisogea kwenye kochi, kwa shida, akaacha nafasi upande wake.

"Haya," akasema. "Mimi nipo."